Wimbo Uliohamishwa

Kwa miaka tisa, kila Jumatatu ya Pasaka, Spéciose aliwatoa watu ukumbini bila makofi, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mchezo wake uliimbwa mwanzo hadi mwisho, hakuna neno la kusemwa tu, katika ukumbi wa parokia kule Rosettenville, Johannesburg, na Warundi na Wakongomani walijaa hadi wengine wakakaa madirishani. Kila mtu alijua kwamba habari ni yake mwenyewe. Mume anapata nafasi moja kwenye lori la kukimbia mapigano, anapanda, anamwacha mke na mimba. Miaka inapita, mume anarudi kubisha hodi. Hapo mke, ambaye ni Spéciose mwenyewe aliyeimba mchezo mzima, anafunga mdomo. Anamgeuzia mgongo, anaendelea kushona, taa zinazimwa. Watu walitoka kimya kimya, wengine wakijifuta macho, na Spéciose alibaki jukwaani akijua kwamba wameelewa.

Mume wa kweli, Égide, alizuka Pretoria mwaka juzi. Mara tatu alituma wazee wa kanisa kuja kumwombea radhi, na mara tatu wazee walikunywa soda wakaondoka mikono mitupu. Mara zote hizo aliyeketi upande wa Spéciose alikuwa Lambert, Mkongomani wa Bukavu, mpiga picha za harusi, aliyemwigiza mume katika mchezo tangu mwaka wa kwanza.

"Usimufungulie, Mama Fiona," alimwambia. "Mutu wa vile ataenda tena."

Spéciose alimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Lambert alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni filamu za kizamani za Hollywood. Alikuwa akija na kompyuta kwenye duka la ushonaji la Spéciose, anaiweka juu ya mabaki ya vitambaa, na cherehani lazima inyamaze. Alimweleza jinsi Wamarekani wale walivyochukua michezo ya kuimba ya majukwaa ya zamani, iliyokwisha kuwachosha mabibi zao, wakabakiza nyimbo na magauni, hadithi wakaitupa wakatunga nyingine, mradi mwishoni wawili wakumbatiane.

Spéciose alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani wanafumua gauni la mtu, wanabakiza vifungo?"

Lambert naye akacheka, kisha akasema, basi na sisi tufanye ya kwetu. Spéciose akakubali kwa sharti moja: mwisho usiguswe. Lambert akaapa kwa jina la mama yake, maskini, mwanamke wa watu asiye na habari yoyote.

Nyimbo zote zilirekodiwa kwa siku nne katika chumba kimoja cha Marshalltown. Ule wa harusi, ambamo bibi harusi anamwita mumewe aingie akae, Lambert alimrudisha Spéciose mara saba. Alitaka uwe mtamu zaidi. Spéciose akaimba kwa moyo wa msichana wa miaka ishirini aliyekuwa hajaachwa bado, akatoka pale koo linawaka.

Filamu ilionyeshwa Newtown, Jumamosi mchana. Safari hii Fiona alikuja. Ile mimba ya kwenye mchezo ndiyo Fiona, sasa ana miaka kumi na saba, mtoto wa Johannesburg anayesikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Mchezo wa kanisani hakuwahi kuutazama hata siku moja. Alisema ni mambo ya wazee. Lakini filamu ni filamu. Alikaa karibu na mama yake, simu ameizima bila kuambiwa, na Spéciose alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha.

Mume akabisha hodi. Mke kwenye filamu akageuza mgongo, akashika sindano. Spéciose akavuta pumzi, akingoja giza. Giza halikuja. Ikaja sauti yake mwenyewe, ile ya mara ya saba, tamu kama nini: njoo mpenzi, ingia, ukae. Wimbo wa harusi, umetolewa mwanzoni ukatiwa pale pale alipokuwa ananyamaza. Uso wake ukatokea ukitabasamu, na huo nao ulikuwa wa onyesho la harusi. Kisha mwanamke aliyeonekana mgongo tu akakumbatiwa na mume. Mgongo haukuwa wa Spéciose. Gauni alilishona kwa mikono yake, na kwa mwanamke yule lilibana kiunoni.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Taa zilipowaka, Spéciose alikuwa ameshamkamata Lambert mkono.

"Umenifanya nini?"

"Tulia, Mama Fiona. Filme haiko teatre, watu wanataka kutoka na furaha. Na sauti iko yako. Sikubadilisha hata neno moja."

"Uliapa, Lambert!"

Lambert akatazama viatu vyake. "Eish. Égide analia kwangu kila wiki, mama. Nilimwambia umekubali."

Spéciose aligeuka, na kweli Égide alikuwa anashuka ngazi kati ya viti, amevaa suti, macho mekundu. Watu walimpisha njia kama bwana harusi.

"Mama," Fiona akasema kwa Kiswahili, machozi yakimtiririka, "kumbe ulimsamehe?"

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Spéciose. Kwa miaka tisa kunyamaza kwake kulikuwa jibu, na watu hawa hawa walilielewa. Leo akinyamaza watasikia ule wimbo. Akasimama wima.

"Hapana," alisema kwa sauti kubwa. "Sijamsamehe. Sikuimba hivyo."

Wanawake wa kwaya ya parokia wakaangua kicheko, wakapiga vigelegele upya. "Bibi harusi anadeka!" mmoja alipaza sauti, na makofi yakaanza tena.

Akarudia hapana, mara mbili, mara tatu, mpaka sauti ikapasuka. Fiona hakuwa akimsikia tena. Alikuwa ameshapita mbele ya magoti ya watu hadi kwenye ngazi, na Égide alikuwa amemshika mikono yote miwili.