Shada la Mkono Mmoja

Mwaka ulikuwa 1983, majira ya majani kupukutika, na jalidi ya kwanza, ule umande ulioganda kuwa barafu, ilikuwa imekwisha kuanguka. Katika kijiji chetu, hapa jimboni Vermont, jalidi hiyo ikishapita, kila mwenye nyumba hutundika shada kwenye mlango wa mbele. Mlango usio na shada husemwa. Watu hudhani kwamba ndani mna maradhi, au ugomvi, au uvivu, na uvivu ndio unaoonewa haya zaidi.

Jirani yangu, Lovina Thayer, hakupata kununua shada maishani mwake. Alilisokota mwenyewe kwa mizabibu mwitu iliyotambaa juu ya ukuta wa mawe nyuma ya ghala lake, bila waya na bila gundi. Mwaka huo, hata hivyo, kiharusi kilichompata wakati theluji ikiyeyuka kilikuwa kimeuacha mkono wake wa kulia ukining'inia tu. Mwanawe, Dwight, aliyeishi mjini Burlington, alikuwa amekwisha kumtafutia chumba katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa mtoto mbaya. Nilimfundisha darasani nami namjua: alikuwa mwoga, na woga wake aliuita busara.

Walibishana jikoni kwa Lovina, nami nikiwapo. Dwight alisema kwamba mtu asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake hawezi kukaa peke yake na jiko la kuni katika baridi ya huku. Mama yake akamjibu kwamba viatu vya kamba amekwisha kuvigawa. Mwishowe wakawekeana ahadi. Lovina angesokota shada lake kama miaka yote, pasipo mtu kumsaidia hata kwa kidole, nalo liwe mlangoni Jumapili. Akishindwa, angefunga mizigo asinung'unike. Akiweza, Dwight angeifuta habari ya chumba, na yeye mwenyewe angempasulia na kumpangia kuni za majira yote ya baridi. Mimi niliwekwa kuwa shahidi.

"Mwalimu hasemi uongo," Dwight alisema, "hata ukimbembeleza."

"Nimeshambembeleza," mama yake akajibu. "Ana roho ya jiwe huyu."

Ijumaa tulikwenda ukutani. Alichagua mizabibu minene kama kidole, iliyokuwa bado na maji ndani, kwa maana mzabibu uliokauka huvunjika ukikunjwa. Kila mmoja aliukanyaga kwa buti ili usiyumbe, akaukata kwa msumeno mdogo, kisha akaiburuta yote hadi nyumbani. Mimi nilitembea nyuma yake, mikono yangu nimeifunga mgongoni kama mkaguzi wa shule.

Ugumu wa shada ni huu: mkono mmoja hulishika duara, na mwingine huuzungusha mzabibu. Lovina alikigeuza kiti cha jikoni, miguu ikaelekea juu, akaanza kuuzungusha mzabibu kwenye miguu ile minne. Nilishangaa kwamba mimi sikuliwaza jambo hilo. Lakini alipolivua duara kutoka kitini, lilifumka lote likatapakaa sakafuni. Aliketi akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemsikiliza mgeni asiyempenda, kisha akaanza upya.

Safari hii, kabla ya kulivua, alilikandamiza kwa goti, akaipitisha ncha ya mzabibu chini ya mizunguko, akaidaka upande wa pili kwa meno, akaivuta. Akaipitisha tena, akaivuta tena. Mara ncha ilimponyoka kinywani, na mkono wangu ukanyoosheka wenyewe kwenda kuidaka.

"Rudisha mkono wako, shoga," alisema. "Ukiligusa hilo, umenifungia mizigo."

Nikauingiza mkono mfukoni, na huko ukakaa mpaka jioni.

Hatimaye alilivua duara, akalitikisa kwa nguvu, nalo halikufumka. Katikati ya mizabibu alichomeka maganda ya mahindi, koni za misonobari na vijiti vyenye matunda mekundu ya mwituni, na kwa jinsi alivyolikaza, hakuna kilichohitaji kufungwa. Duara lenyewe lilikuwa na umbo la yai. Nimefundisha maumbo maisha yangu yote, na sijapata kuona duara kamili ambalo nililiheshimu kuliko yai lile.

Jumapili Dwight alisimama barazani pasipo kubisha hodi. Alilivuta shada, akalisukuma, akapitisha vidole nyuma yake akitafuta waya. Nilipotoka nyumbani kwangu kwenda kumsalimu, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, nani alimshikia ncha?"

Nikamwambia kwamba hakuna, na kwamba kama hakuniamini, atazame kwa karibu. Alisogeza uso. Kila mahali ambapo mzabibu uliingia chini ya mwenzake, gome lilikuwa na alama ndogo za meno. Alizigusa moja baada ya nyingine. Lovina akaufungua mlango, shada likampita Dwight puani.

"Mama," alisema, "umeutafuna mzabibu mzima?"

"Sikuumaliza, ulikuwa mchungu. Ingia ule pai, inapoa."

Aliingia, akala, akaomba simu. Tulimsikia akiwaambia wale watu wa nyumba ya wazee kwamba chumba hakihitajiki tena, na kwamba la, hataki wamwekee hata kwa ajili ya mwakani.

Jumamosi iliyofuata alikuja na gari lililojaa magogo ya mshira, mti mgumu unaowaka polepole, na shoka jipya. Alipasua kuni tangu asubuhi mpaka viganja vikatoka malengelenge, akazipanga kando ya ukuta, magome juu ili mvua iteleze. Lovina alifungua dirisha akamwambia kwamba safu ile imepinda.

Dwight aliitazama, akaibomoa, akaanza kuipanga tena.