Kihariri cha Mzee Mathias

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa Consolatha usaha ulitumbuka mchana kweupe, nyumbani kwao Ipuli, Tabora, mama yake akiwa nje anamenya karanga.

Baba yake, Mzee Mathias, katekista mstaafu, alikuwa amepigwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, ulimi nao ukafa. Alibakiwa na macho makali, mkono wa kushoto, na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Humo ndani mzee alikuwa ameandika, kwa miaka na mikaka, habari za wapagazi wa ukoo wao: nani alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, nani alifia kambi gani, nani alimzika, nani alimrithi mjane. Alizisikia kwa bibi yake, na bibi hayupo. Consolatha aliwahi kumwomba azinakili kwenye flashi, mzee akakataa katakata. Wafu wa ukoo, alisema, hawazururi mjini yeye akiwa hai. Na mtoto aliyelelewa akaleleka habishani na baba yake, hata pale ambapo kubishana kungekuwa ndiyo heshima yenyewe.

Sasa mzee alikuwa akishinda anaitazama kompyuta ile. Ilikuwa wazi kwamba habari hazijaisha, bado kuna watu hajawaandika. Lakini programu aliyozoea kuandikia ilikuwa na herufi ndogo kama sisimizi, na ilitaka vidole vya mikono miwili. Consolatha, aliyesomea kompyuta chuoni, akaona huruma isiyo na kazi haimsaidii mtu. Akatafuta mtandaoni kihariri, yaani programu ya kuandikia, kinachotolewa bure pamoja na chanzo chake, ile misimbo kilichoundwa kwayo, akakibadilisha kiwe na herufi kubwa na kifuate kidole kimoja tu.

Tatizo la chanzo ni kwamba si chakula kilichoiva. Ni unga, unapewa ukapike mwenyewe, na kila kompyuta ni jiko lenye moto wake. Kinachoiva kwenye mfumo huu, kwenye ule kinaungua. Kwa upishi huo Consolatha alimtegemea mtani wake Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe aliyesoma naye. Ndiye aliyeandika faili ya maagizo ya kujengea, yaani ya kuupika unga huo uwe programu. Faili hiyo ilianza kwa kufagia: iliiuliza kompyuta folda ya takataka iko wapi, ikaimwaga yote, kisha ndiyo ikaanza kupika.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo si wa jana. Wazee husema ulianzia njiani, kwenye misafara, mpagazi alipofia ugenini akazikwa na watu asiowajua. Ndiyo maana watani hao hutaniana kwa vifo na makaburi bila haya. Na sheria yake ni moja: mtani hakasirikiwi. Sasa mtu ambaye huruhusiwi kumkasirikia, utamwaminije?

Consolatha alipojenga mara ya kwanza, kwenye laptopu yake yenye mfumo wa Linux, Mwinshehe alipiga simu. "Mpagazi wangu, ukibonyeza tu, Tabora nzima inakosa umeme. Wallahi sitanii."

Akabonyeza. Kihariri kikaiva, umeme ukabaki palepale.

Mara ya pili alijaribu kwenye kompyuta ya Windows ya jirani. "Hiyo italipuka," Mwinshehe akasema. "Andaeni jeneza, mimi nakuja kula ubwabwa wa matanga. Sitanii!" Nayo ikajenga vizuri kabisa. Consolatha alimpigia, akamtukana mpaka mama akacheka huko uani.

Ikabaki ya mzee. Mfumo wake ulikuwa wa tatu, wa zamani, usio na undugu na ile miwili. Consolatha aliuweka unga wake ndani ya folda ileile ya maandishi ya baba, ili mzee akifungua avikute vyote mahali pamoja. Akamsogeza mzee karibu ashuhudie. Mzee akainua mkono wa kushoto, akautikisa, akatoa sauti isiyokuwa neno.

"Subiri kidogo, baba. Ni dakika chache tu."

Mkono haukushuka. Consolatha akadhani ni hamu. Simu ikaita.

"Mtani," Mwinshehe alisema, "umeshaanza kwenye mashine ya mzee?"

"Ndiyo nataka kubonyeza. Leo unatuzika wangapi?"

"Usibonyeze. Nimeisoma tena ile faili. Mfumo wa zamani hauna amri ya kuuliza folda iko wapi. Isipojibiwa, inafagia hapohapo iliposimama. Inafagia kila kitu, inaacha unga wetu tu."

"Na mzee je, unamfagia pamoja na kiti chake?"

"Sitanii."

"Hata juzi hukutania. Sanda njoo nayo mwenyewe, sisi hatununui."

"Consolatha, nisikilize..." Mtandao ukakata.

Hakuwahi kumwita kwa jina. Yeye ni mpagazi, tangu chuoni ni mpagazi. Jina lile lilimgusa Consolatha begani, akageuka kidogo, kisha akatabasamu. Huyu Mzaramo sasa ameijua kazi, akawaza. Mpaka sauti anaibadilisha. Ujumbe ukaingia: *Wallahi sitanii.* Neno kwa neno kama la siku ile ya umeme. Sikio la kufa halisikii dawa. Akabonyeza.

Mistari ilikimbia kwenye kioo, mingi, kwa haraka. Kompyuta ikaunguruma. Mzee aliushusha mkono wake taratibu, akauweka pajani. Kisha kihariri kikafunguka, kizuri, herufi zake kubwa, na Consolatha akapiga makofi. Akatafuta faili ya kwanza ya baba amfungulie. Folda ilikuwa na kihariri na unga wake, basi.

Alitafuta kote. Aliizima, akaiwasha. Alipompata Mwinshehe hewani na kumweleza, mtani hakucheka wala hakulaumu. Alisema kwa sauti ya chini, "Pole, dada." Hapo ndipo Consolatha alipoogopa hasa. Mtani wako akikupa pole ya kweli, jua msiba umeshaingia ndani.

Mzee aliunyoosha mkono. Hakujua, au alijua, nani angemuuliza? Kidole kikazunguka juu ya herufi, kikabonyeza, kikapumzika, kikabonyeza tena. Neno la kwanza kutoka kwake tangu augue likasimama kwenye ukurasa mweupe: SOMA.

Mama aliacha karanga zake, akaja kusimama mlangoni, akaliona neno lile, akajifuta machozi ya furaha.

Consolatha akasoma. Akautazama weupe ule na kusoma aliyoyakumbuka: walivyotoka Unyanyembe na pembe mabegani, walivyopita Kigwa, walivyolala Rubuga, Ngassa alivyoshikwa na ndui wakamwacha Tura. Mzee alifumba macho kusikiliza. Wakaingia Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji, na hapo kumbukumbu ya Consolatha ikaisha. Hakuthubutu kunyamaza. Akasema kwamba kule nyikani alifariki Shigela kwa kiu, akazikwa na mdogo wake kando ya kisima kilichokauka.

Mzee akafumbua macho. Kidole kikaanza kutafuta herufi, kwa shida, moja baada ya nyingine.

HUYO NANI

"Hakuna, baba," Consolatha akasema. Akapiga magoti kando ya kiti. "Hakuna mtu huyo. Nimewafuta. Nimewafuta wote."

Mama aliuliza mlangoni, wamefutwa akina nani? Mzee alimtazama binti yake, akarudisha kidole kwenye kompyuta, akabonyeza herufi moja na hakukiinua tena, kama mtu anayelia kwa kidole. Herufi hiyo ikajaza mstari, ikajaza ukurasa, ikaendelea kushuka.