Ishirini na Tisa wa Mintirib

Mwaka 1994 watu wa serikali walituahidi basi la hospitali. Mimi sisahau, tarehe niliiandika ukutani kwa mkaa. Mwaka 2003 ndipo wakaleta sharti: Mintirib, mji wetu huku Omani, ipate wagonjwa thelathini wenye kadi ya kliniki, wa sukari ama presha ama figo, basi litawapeleka hospitali ya Ibra kila Jumatatu.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Sukari kumi na saba, presha kumi na nne, figo sita. Thelathini na saba! Nikaenda ofisini kifua mbele, pamoja na Alya, mtoto wa dada yangu, aliyesomea kompyuta.

Hamoud, karani, akaingiza majina. Akabonyeza.

"Ishirini na nane."

"Tisa umewala wewe?"

"Ya akhi, ndugu yangu Nasr, fomula inahesabu watu, haihesabu maradhi. Mwenye mawili ni mmoja. Mama yako, Bi Ghanima, umemwandika mara tatu."

"Kwa sababu anaumwa mara tatu!"

Alya akanivuta kanzu. "Mjomba, kasema kweli. Orodha tatu ukizijumlisha hivi hivi, watu wanajirudia."

Haya! Kumbe anayezidi kuumwa ndiye anayetupunguza. Nikatoka na hasira zangu, nikapita kliniki wakanipima: presha mia na themanini, wakanipa kadi. Nilifurahi kama niliyepata mtoto. Ishirini na tisa!

Wa thelathini nilimjua. Jirani yetu Bi Fakhriya, sukari anayo miaka. Dawa anaificha ndani ya pipa la mchele.

"Shikamoo, Bi Fakhriya. Nataka jina lako tu."

"Marahaba. Ukalitundike ofisini, wenye kuposa wasikie nyumba hii ina sukari? Mwanangu Amna ndiyo kwanza kaposwa. Posa ikivunjika, basi lenu litamwoa?"

"Mama anakwisha, Bibi."

"Namwombea usiku na mchana. Lakini Amna ana miaka thelathini na moja, Nasr."

Nikamuaga, nikarudi na ishirini na tisa wangu. 

Jumatatu tukakodi pikapu ya kwenda Ibra, kama Jumatatu zote. Kwenye kompyuta ya Hamoud mama ni mtu mmoja. Kwenye pikapu hakuweza tena kukaa, tukamlaza nyuma, akachukua nafasi ya watu watatu. Alya hakupata pa kukaa, akabaki.