Mashine ya Kwenda na Kurudi

Ile mashine ya kwanza ililetwa ndani ya sanduku la mbao, na mimi ndiye niliyelifungua, maana nilikuwa seremala wa hospitali na chochote chenye msumari niliitiwa mimi. Katikati ya majani makavu kulikuwa na pipa la bati lenye miguu mitatu. Juu ya mfuniko kulikuwa na gurudumu na mpini. Ukizungusha mpini, vigingi vinne vilivyoning'inia ndani ya pipa vilizunguka pamoja, vikaiburuta nguo majini, raundi baada ya raundi.

Wakubwa walikuja kuitazama. Mkuu wa utawala, ambaye sisi wa chini tulimwita Bwana Kesho kwa kuwa hakuna shida uliyompelekea asikwambie urudi kesho, aliuzungusha mpini mara tatu. Hapakuwa na maji ndani, wala nguo. Akafuta mikono kwa leso, akatangaza kwamba taabu ya kufua imekwisha.

Mke wangu alikuwa mfuaji pale. Yeye, mdogo wake, na wanawake wengine watatu, katika chumba chenye mahodhi mawili ya saruji na mvuke usiotoka hata madirisha yakiwa wazi. Ukiingia mchana ulidhani umeingia ndani ya wingu lililokaa chini kupumzika. Watu walionekana vipande vipande: kiwiko, kitambaa cha kichwa, kicheko bila uso.

Siku ya tatu aliniita. Magauni ya wagonjwa hayana vifungo, yana kamba za kufungia mgongoni, na vile vigingi kwa kuzunguka upande mmoja tu vilikuwa vimezisokota kamba zote, magauni thelathini, yakawa kamba moja nene kama paja la mtu. Nilikaa chini nikaifumua mpaka vidole vikafa ganzi. Mke wangu alisimama juu yangu, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Fundi," akasema. Hata nyumbani aliniita Fundi. "Mikono yangu haizunguki. Tazama. Inakwenda, inarudi. Hiyo mashine inakwenda tu."

"Kiwanda kizima kikosee, wewe ndiye upatie?"

Nikacheka. Wenzake nao wakacheka, kwa kuwa nilikuwa nimecheka mimi.

Bwana Kesho aliandika kwamba wafuaji hawakuielewa mashine. Ikasukumwa pembeni, ikawa ya kuwekea sabuni, na wanawake wakarudi kwenye mahodhi. Mke wangu alirudi pia, miaka minne, tumbo limelowa kila siku, masika na kiangazi. Kifua kikaanza kama mzaha. Tukaomba ahamishiwe jikoni au popote pakavu. Kesho. Tukaomba tena. Kesho. Siku aliyozikwa, ofisi ilileta barua ya pole yenye sahihi tatu. Shule niliishia darasa la nne, lakini sahihi nazijua, na naandika hapa kwamba watu wale walimuua kwa kalamu, na wala hawakulowa hata mkono wa shati.

Basi nikabaki na mbao zangu.

Karakana yangu ilitazamana na uwanja wa kuanikia. Mchana shuka zilipoanikwa, uwanja uligeuka nyumba kubwa ya vyumba vyeupe, korido na sebule na vyumba vya ndani, kuta zake zikipumua. Nilikuwa na tabia, sijui niiite nini, ya kupita humo ndani baada ya chakula. Nilipita taratibu, nikifunua ukuta mmoja baada ya mwingine kwa mgongo wa mkono. Simtafuti mtu. Napita tu. Halafu nilirudi karakana, nikajilaza juu ya maranda, nikalala.

Hapo ndipo shemeji yangu, yule mdogo wake marehemu, aliponikuta siku moja.

"Shemeji, umelala au umekufa?"

"Nimekufa. Unataka nini kwa maiti?"

"Maiti gani anakoroma hivyo? Malaika watakurudisha, watasema huyu anatuamshia watu."

Nilifungua jicho moja. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja chini ya kwapa, na hilo halikuwa kawaida yake, kwa sababu huyo akiongea mikono ndiyo hutangulia. Nikamwambia aitoe. Akaitoa. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo, na vidole vilikuwa vimevimba, vimekaa nusu, havijakunjuka wala havijakunjika.

"Daktari amesema niitoe kwenye maji na magadi," akasema. "La sivyo haitafumba tena. Nimempelekea Bwana Kesho hiyo karatasi."

"Akasema kesho."

"Heri angesema kesho. Amesema mfuaji asiyetia mikono majini si mfuaji. Nina mpaka mwisho wa mwezi. Ama mikono iingie majini, ama nitoke mimi."

Ilikuwa tarehe tisa.

Nilitukana. Nilimtukana Bwana Kesho, na aliyemweka, na aliyemweka aliyemweka. Shemeji alisubiri kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia, mimi nina shuka zinaningoja." Akaenda zake.

Nililala tena, nadhani. Nilimwona mke wangu yuko kwenye hodhi, amenipa mgongo. Maji yalikuwa yamejaa chumba kizima mpaka kiunoni, lakini hayakumlowesha. Mikono yake ilikuwa imeshika kitu cheupe, ikikisukuma mbele na kukivuta nyuma, na kile kitu kila kikisukumwa kilitoa pumzi, kila kikivutwa kilivuta pumzi. Hakugeuka. Mawimbi madogo yalikuja yakanigusa, yakarudi kwake, yakaja. Nikaamka na maranda shavuni, kiganja changu kikienda na kurudi juu ya ubao kana kwamba kinapiga randa.

Nilinyanyuka nikaenda chumba cha kufulia. Sikwenda kutengeneza mlango wala kuzibua chochote. Nilikwenda kutazama. Miaka kumi na tisa nimeishi na mfuaji na sikuwahi kusimama nikamtazama akifua.

"Amekuja mkaguzi," mmoja wao akasema kutoka ndani ya mvuke.

"Mkaguzi gani ana maranda kichwani?"

Nilitazama mikono ya shemeji. Nguo aliisukuma juu ya mawimbi ya ubao wa kufulia, akairudisha kabla haijatandazika, akaisukuma tena. Haikupigwa. Haikuzungushwa. Ilikuwa inaminywa kidogo na kuachiwa, na uchafu ulitoka pale ilipoachiwa. Kamba za magauni zilifuata nyuma kama mikia, zikarudi, hazikushikana hata moja.

Siku hiyohiyo nikaanza. Nilichonga sanduku refu lenye tumbo la mviringo chini, mfano wa nusu ya pipa lililolazwa. Tumboni nikapanga mbavu za mbao. Juu yake nikaning'iniza fremu yenye mbavu nyingine, iliyobembea kwenye mhimili, na mpini mmoja wa kuivuta. Nguo ilikaa kati ya mbavu za chini na za juu. Ukivuta, fremu inakwenda. Ukiachia, inarudi yenyewe kwa uzito wake. Msumari sikutia hata mmoja, kwa sababu msumari hutoa kutu na kutu haitoki kwenye shuka. Nilitumia vijiti vya mbao kila kiungo. Halafu nililijaza maji nikaliacha siku mbili mbao zivimbe zibanane.

Shuka ya kwanza ilitoka imechanika kama imegombana na paka.

"Shemeji," akasema, akiiinua na kunitazama kupitia tundu, "umetengeneza mashine ya kufulia au ya kutengenezea bendeji?"

Mbavu zilikuwa na kingo. Nilizitoa zote, nikazikwangua kwa kipande cha chupa mpaka zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Shuka ya pili haikuchanika lakini haikutakata. Nafasi kati ya mbavu ilikuwa kubwa mno. Nikaishusha fremu. Ya tatu ilibanwa isisogee. Nikaipandisha kidogo. Siku zilipita namna hiyo, kidogo chini, kidogo juu, na mimi nikipoteza hesabu ya siku, ila yeye hakupoteza. Kila asubuhi alipita dirishani akanionyesha kwa vidole vyake vilivyokakamaa zimebaki ngapi, na alipofikia siku ambazo vidole vya mkono mmoja vingetosha, aliacha kuonyesha.

Tarehe ishirini na saba ilikubali. Nilijua kwa mlio. Maji yalikuwa yakipiga kelele kama watu wanaogombea mlango, mara yakatulia yakaanza kusema hushh, hushh, na wanawake wote wanne wakanyamaza bila kuambiwa. Shemeji alivuta kigoda akakaa kando ya sanduku, akashika mpini kwa viganja, si kwa vidole, akaubembeza. Mikono yake ilikuwa mikavu. Mvuke ulikuwa umekaa juu yetu, chumba kizima kikawa kama kinapelekwa mahali taratibu, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau nilikuwa na hasira na nani.

Bwana Kesho alikuja tarehe ishirini na tisa, maana nilimwandikia mistari miwili na kumwekea mezani mwenyewe nikakaa nje ya mlango wake mpaka akasoma. Alizunguka sanduku. Alitoa shuka, akaitazama kwenye mwanga, akatafuta tundu. Alitoa gauni, kamba zake zikaning'inia zimelegea. Akatafuta kosa kila mahali, na nilifurahi kumwona halipati. Halafu akalipata.

"Huyu mbona amekaa?"

"Mpini uko chini, bwana," nikasema. "Anayefua anakaa."

"Mfanyakazi anafanya kazi amekaa?"

"Wewe je, ofisini unasimama?" Hiyo ilitoka kwenye mvuke. Mpaka leo hakuna aliyesema ni nani.

Shingo ya Bwana Kesho ilivimba. "Akikaa mmoja watakaa wote. Wageni wakija wakute watu wamekaa hapa kama sebuleni? Mashine itumike. Lakini atakayeitumia asimame. Kama haiwezekani, itolewe."

Patasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kulipasua lile sanduku mbele yake, mbavu baada ya mbavu, nimwambie mmoja alishasimama hapa mpaka akafa, na wa pili sikupi. Nilifungua mdomo.

"Tutasimama, bwana," shemeji akasema haraka. Aliinuka, akaweka mikono nyuma. "Fundi ataongeza mpini."

Bwana Kesho alipotoka nilimgeukia shemeji. "Kwa nini umekubali? Watu hawa hawa! Dada yako wamemuua, na wewe unawaambia ndiyo bwana!"

"Mikono mikavu kwanza, shemeji. Magoti yangu bado mazima."

"Dada yako asingekubali."

Wenzake wakajifanya wana shughuli.

"Dada alikwambia ilivyotakiwa iwe," akasema kwa sauti ya chini, "wakati sanduku la kiwandani bado lina majani yake. Wewe ukacheka. Nilikuwa nimesimama pale." Akaonyesha pale. "Bwana Kesho ana makosa yake, mwachie. Lakini usimtwishe na kile kicheko."

Nilitoka nikapita uwanjani, siku hiyo hapakuwa na shuka hata moja, kamba tupu tu na upepo, na nilipofika karakana sikulala. Nilitafuta ubao mrefu mgumu, nikaupiga randa, nikauchongea kijiti cha kuubania.

Nilitoboa matundu mawili. Moja la juu, la mtu aliyesimama. Moja la chini. Ukichomoa kijiti, mpini unashuka. Ukikichomeka kwingine, unapanda. Nilimwonyesha shemeji mara moja, akaelewa, akawaonyesha wengine. Tangu siku hiyo wanafua kwa zamu, wamekaa. Mmoja hukaa karibu na mlango, na viatu vya mtu wa ofisi vikisikika koridoni anakohoa, kijiti kinahama, na Bwana Kesho akiingia anakuta wanawake wanne wamesimama wima kama gwaride. Anafurahi sana. Ameandika kwamba mashine imefaulu chini ya usimamizi wake. Jina langu hakulitia, wala la mke wangu, na hilo nalo nimelihifadhi pamoja na mengine.

Wiki ya pili ya mwezi uliofuata shemeji alitoka kwa daktari akaja moja kwa moja karakana. Hakubisha. Akasimama mbele ya meza yangu, akanyoosha mkono wa kulia, akaanza kuufumba, pole pole, kidole kimoja kimoja, uso umekaza kama anayeinua gunia. Kidole cha mwisho kiliingia. Kidole gumba kikabaki nje, kinatetemeka, hakitaki.

"Bado hicho," nikasema.

"Bado hicho. Kikiingia tu, wa kwanza kupigwa ngumi ni wewe."

Nikaweka randa chini, nikamsogezea kigoda, tukakaa tukakitazama kidole kile.