Kishikio cha Mbao, Kishikio cha Mpira

Fébronie hakuitisha kikao ili watu wazungumzie mbao. Aliitisha kikao ili bastola itoke nyumbani kwake, na hilo alilisema waziwazi, amesimama katikati ya sebule ya Mzee Anselmo kule Rinkeby, Sweden, kabla hata sambusa hazijapoa.

"Wazee wangu," alisema, "mume wangu amenunua bastola. Iko chumbani, kwenye kabati la chuma, karibu na kichwa changu. Mimi nilitoka Uvira nikikimbia sauti ya kitu hicho. Tangu kiingie, sipati usingizi. Naomba mumwambie akitoe."

Watu waliguna kwa huruma. Mume mwenyewe, Deusdedit, aliinamisha kichwa. Alikuwa dereva wa basi, mpole kiasi cha kuwasubiri hata abiria wanaochelewa kwa uvivu wao. Vibali vyote alikuwa navyo. Dereva mwenzake, Lennart, ndiye aliyemwingiza kwenye klabu ya kulenga shabaha, na huko hakuna aliyewahi kumuuliza ametoka wapi. Walimuuliza tu kama shabaha anaiona vizuri. Alipapenda kupita kiasi.

Mzee Anselmo, ambaye tangu azaliwe hajaamua jambo bila kulizungusha, alisafisha koo. "Mama Akili, tumekusikia. Lakini komite ya jumuiya yetu haiwezi kutoa kitu isichokijua. Papa Akili, kitu chenyewe kikoje?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sheria hairuhusu mtu kubeba bastola kwenda kula sambusa, kwa hiyo Deusdedit alitoa mfukoni alichokuwa nacho: vishikio viwili. Kimoja cha mbao, kilichokuja na bastola. Kingine cha mpira, zawadi ya Lennart. Alikuwa amefungua cha mbao ajaribu cha mpira, akafungua cha mpira arudishe cha mbao, na mpaka siku ile alikuwa hajui afunge kipi. Aliviweka mezani kando ya pilipili.

"Shida yangu ndiyo hii," alisema, maskini, kwa moyo mweupe.

"Shida yako?" aliuliza Fébronie. Hakuna aliyemsikia.

Mzee Anselmo alikwisha kukamata cha mbao. "Hiki ndicho. Mbao ina heshima. Mimbari ya kanisa imetengenezwa kwa nini?"

"Mimbari haishikwi na mkono wa jasho, Mzee," alijibu Erukana, Mganda wa siku nyingi uhamishoni, mtu ambaye kukubaliana na mwenzake humtia homa. "Mpira hautelezi. Baiskeli iliyonipeleka shule ilikuwa na mpira kwenye usukani. Mimbari imekupeleka wapi?"

Mama Pélagie alisema mbao huingia wadudu. Akaambiwa wadudu wa Sweden hawana tabia hiyo. Basi mpira unanuka, akasema, na yeye hawezi kusalimia watu Jumapili mkono ukinuka. Mtu alikwenda jikoni akaleta mwiko wa ugali, wakaufunga kishikio cha mpira kwa kamba, wakapokezana, kila mmoja akifumba jicho moja na kulenga televisheni. Shemasi mmoja alilenga vizuri mno mpaka akaombwa arudie. Watu hao hao, jamani, waliovuka mipaka wakikimbia risasi.

Fébronie alikaa na mkoba mapajani. Alitamani kulia, na alitamani kumpiga mtu kwa ule mwiko.

Hawakupatana. Na Mzee Anselmo hapigishi kura, maana kura huacha mtu amenuna. "Tutakaa tena," alitangaza. "Na kama desturi yetu ilivyo, kitu kinachobishaniwa hakirudi kwa mwenyewe mpaka tupatane. Kitunzwe na asiye na upande." Alitazama huku na huku. Sebule nzima ilikuwa na upande. "Mama Akili, wewe hujasema mbao wala mpira."

"Sijasema," alikubali Fébronie, polepole.

Alivifunga vyote viwili kwenye kitenge, akaondoka navyo. Kule kabatini bastola ilibaki chuma kitupu na springi yake, haishikiki. Siku ile Fébronie alilala, na asubuhi chai yake ilipoa akiwa bado amelala.

Vikao viliendelea. Mbao ikikaribia kushinda, Fébronie aliuliza kwa upole kama haivimbi kwenye baridi. Mpira ukikaribia, aliuliza habari za watu wanaowashwa ngozi. Deusdedit alikwenda klabuni kunywa kahawa tu. Lennart alipouliza, alimwambia komite bado inakaa, na Lennart alielewa mara moja. Naye alikuwa kwenye kamati ya chumba cha kufulia nguo cha jengo lao.

Ikafika siku moja ya vuli Erukana akasimama, akavaa koti. "Nimechoka. Iwe mbao."

Mzee Anselmo alifungua mdomo afunge kikao. Fébronie alitafuta swali, akakosa. Alilishika fundo la kitenge kwa mikono miwili, akiliona lile kabati karibu na kichwa chake.

Deusdedit alimtazama mkewe. Miezi yote ile alikuwa akimwona anavyolala, mdomo wazi, anakoroma kidogo, kama zamani kule Uvira kabla ya vita. Kisha akatazama lile fundo. Tangu mwanzo, kusema kweli, yeye alikuwa anataka mbao.

"Wazee," alisema, "kuna kitu hatujakizungumza. Lennart anasema kuna pia vishikio vya pembe."

Erukana alivua koti, akakaa. "Pembe ya mnyama gani?" aliuliza.