Padi za Wiki Saba

Vedasto hakuingia kwenye mahindi ya watu kwa kupenda. Alikuwa anashuka mteremko wa Ganako kwenda mnadani Karatu, mkewe Nanyokie nyuma, mimba ya miezi saba katikati yao kama abiria wa tatu asiyelipa nauli. Alipobana breki ya mbele, ikalia chuma kwa chuma, kisha ikagoma. Ya nyuma ikahangaika peke yake. Vedasto akaona lori la viazi linapanda, akaona shamba, akachagua shamba. Pikipiki ikalala, naye akalala nayo. Nanyokie akajikuta amekaa kitako juu ya rundo la mabua, mzima, akimtazama mumewe kwa jicho lisilohitaji mkalimani.

"Umeumia?"

"Pikipiki mpya," alisema Nanyokie. "Si ndivyo ulivyoniambia? Mpya."

"Na mtoto?"

"Anapiga teke. Na yeye kakasirika."

Mwenye mahindi, mama mmoja aitwaye Martha, alikuja mbio na jembe mkononi, tayari kupigana. Alipoona tumbo la Nanyokie akaliweka jembe chini, akamshika mkono ampeleke zahanati. Vedasto akataka kuwafuata.

"Usije," mkewe akamwambia. "Mimi naenda kupimwa mimba. Wewe katafute wa kukupima hizo hasira."

Kwa maana hasira zilikuwa zimeshapanda mpaka kwenye masikio. Vedasto alichungulia penye breki. Wiki saba zilizopita, siku anaitoa dukani, padi zinazobana diski zilikuwa nene kama biskuti. Sasa hapakuwa na biskuti wala makombo, chuma kitupu kinatafuna diski. Padi za wiki saba! Kuna watu wana sabuni ya kuogea iliyodumu kuliko hizo.

Akaanza kuhesabu waliowahi kuigusa pikipiki ile kwa spana. Hesabu ilikuwa fupi: Patrisi. Ndiye aliyefanya servisi ya kwanza. Patrisi rafiki yake tangu kidato cha kwanza, Patrisi msimamizi wake wa ndoa, aliyesimama naye kanisani amevaa suti ya kuazima. Na kila dereva wa bodaboda anajua hadithi ya mafundi wanaochomoa padi za kiwandani, wanakuwekea za bandia, kisha wanakuuliza habari za nyumbani.

Akaisukuma pikipiki mpaka mjini. Kilomita nne za kusukuma chuma juani hazijawahi kumpunguzia mtu hasira.

Ilikuwa tarehe saba, siku ya mnada. Karatu yote ilikuwa pale, na Mang'ola, na Mbulu, na wachungaji waliotoka juu na mbuzi wao. Kibanda cha Patrisi kilikuwa ukingoni mwa mnada, pikipiki tano zikingoja foleni.

"Mwizi!" Vedasto aliita kutoka mbali, ili asimnyime mtu nafasi ya kusikia. "Patrisi, wewe ni mwizi wa padi! Umetaka kuniulia mke!"

Wauza mbuzi wakageuka. Hata mbuzi wawili watatu waligeuka.

Patrisi aliinuka polepole, mikono imejaa grisi. "Vedasto, umelewa?"

"Nimelewa breki zako! Ulichomoa za kiwandani, ukaniwekea za bandia, laini kama uji!"

Dereva mmoja akachukua pikipiki yake kwenye foleni. "Nitarudi kesho, fundi," akasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye kesho yake haina tarehe. Wa pili akamfuata bila hata kuaga. Patrisi aliwatazama wakienda, na uso wake ukabadilika.

"Sawa," alisema. "Tufungue. Wote mkae hapa, mshuhudie."

Akafungua bolti mbili, akachomoa padi, akaziweka kwenye kiganja cha Vedasto. "Soma namba. Sasa toa kitabu cha pikipiki, usome ya humo."

Vedasto akasoma. Akasoma tena. Zilikuwa namba zilezile.

"Hizo pikipiki yako ilizaliwa nazo," Patrisi akasema. "Sasa tazama diski. Unaona ilivyogeuka buluu, kama sufuria iliyosahaulika jikoni? Huu ni moto. Kuna mtu kashika breki hii kutwa nzima, siku nyingi. Ni nani?"

"Hakuna! Naiendesha mwenyewe."

"Ulipokwenda Mang'ola kuvuna vitunguu wiki mbili, uliibeba mfukoni?"

Vedasto akakumbuka. Alikuwa amemwazima Moloimet, kaka mkubwa wa Nanyokie, anayeishi kule Olbalbal kwa wafugaji. Hakumhesabu, na alikuwa na sababu.

"Aliirudisha imetembea kilomita mia tatu tu! Wiki mbili! Na imeoshwa mpaka chini ya madigadi."

"Mpigie. Weka spika."

Watu wakasogea. Mnada una mengi ya kuuza, lakini hili lilikuwa la bure.

"Pakiteng!" Moloimet alipokea kwa furaha. Ndivyo Wamaasai waliopeana ng'ombe wanavyoitana, na Moloimet alimwita hivyo shemeji yake tangu siku alipompa dume la ng'ombe harusini. "Habari za huko?"

"Shemeji, pikipiki uliitumiaje?"

"Vizuri sana! Uliniambia bado mpya, nisiikimbize. Sikuikimbiza hata siku moja. Maji yamekuwa mbali, na ndama wamedhoofu. Kila asubuhi nilishuka nao taratibu, wao mbele mimi nyuma. Gia ya kwanza, vidole vinne kwenye breki, kuanzia mlimani mpaka majini. Hakuna hata ndama mmoja niliyemgusa!"

"Vidole vinne!" mtu akarudia nyuma, na kicheko kikapita.

"Mlishuka kwa muda wa saa ngapi?" Patrisi aliuliza.

"Tatu. Wakichoka, nne."

"Moloimet!" Vedasto akalipuka. "Kwa nini hukutembea kwa miguu?"

Moloimet alijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nikiwa na pikipiki?"

Vedasto alikuwa na matusi manane yamejipanga mdomoni, ila huyu ni kaka wa mkewe, na dume lile bado lipo zizini linamtazama kila asubuhi. Akayameza yote manane. Yalishuka kama misumari.

"Dada yako ameanguka leo," alisema. "Breki ziliisha tukiwa mteremkoni."

Furaha ikakatika huko ng'ambo. "Yuko mzima?"

"Mzima. Anapimwa."

"Nakuja kesho. Usinitukane kwenye simu, Pakiteng. Nitukane nikiwa nimesimama mbele yako."

Simu ikakatika. Vedasto alikuna shingo, akamgeukia Patrisi, akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Basi bwana. Yaishe."

"Yaishe nini?" Patrisi aliitupa spana vumbini. "Neno mwizi lilifika mpaka kwa wauza mbuzi. Hilo la yaishe halijafika hata kwenye sikio langu. Jioni hawa wote wanarudi makwao na jina langu mdomoni. Nikusamehe mimi, nani ataniletea pikipiki kesho? Chukua padi zako. Sifungi."

Vedasto akasimama pale, hasira bado ziko tele, ila sasa hazina pa kwenda isipokuwa kwake mwenyewe. Akaondoka kwa hatua ndefu mpaka kwa muuza mitumba, akampokonya kipaza sauti akiwa katikati ya kunadi shati.

"Patrisi si mwizi!" alinguruma. "Mmesikia? Nimemsingizia! Padi tumezimaliza sisi wenyewe, watu wa nyumbani kwangu, kwa kuchungia ndama! Mpumbavu ni mimi, Vedasto wa Ganako!"

"Mbona unatufokea sisi?" mama mmoja muuza vitunguu akauliza.

"Kwa sababu nimekasirika!"

Akapita hivyo mnada mzima, mbuzini, mitumbani, kwenye nyama choma, muuza mitumba nyuma yake akidai chombo chake. Mwisho akamkuta yule dereva wa kesho isiyo na tarehe, akaishika pikipiki yake kwenye usukani. "Rudi kwa fundi. Usiporudi, naisukuma mimi."

Akaisukuma yeye, mwenye nayo akitembea pembeni anacheka.

Patrisi aliwaona wanakuja. Hakucheka wala hakutoa mkono. Alisogeza kigoda kwa mguu, akaokota spana kwenye vumbi, akamtupia Vedasto kifuani.

"Sijakusamehe," alisema. "Kaa hapo, ufungue tairi la huyu bwana. Yule wa pili aliyeondoka, umeshampata?"

"Bado."

"Basi fungua upesi, ukamtafute."