Jicho la Pimentón

Mama yao alipofariki, Otilia na mdogo wake Griselda waliachiwa nyumba ya mabati hapa kilimani, mjini Valparaíso, pamoja na paka mwekundu aitwaye Pimentón. Otilia alitaka nyumba iuzwe. Griselda hakutaka hata kusikia. Basi kila jioni, mkate na parachichi vikishawekwa mezani, maneno yanaanza, na sisi majirani tunapunguza sauti ya redio.

Baridi ilipokolea, paka akaanza kupiga chafya. Kisha jicho la kushoto likajaa machozi, akawa halifungui. Otilia akamtia matone yake mwenyewe, yaliyobaki tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho likazidi kuingia ukungu.

"Umempofusha!" Griselda akafoka.

"Mimi? Na wewe unayemfungulia dirisha baridi yote hii?"

Wakampeleka kwa daktari wa wanyama, kila mmoja kashika upande wake wa kikapu. Daktari Ximena aliwasikiliza habari ya matone, akamdondoshea paka rangi jichoni, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa buluu. Juu ya kioo cha jicho ikang'aa michirizi ya kijani, myembamba kama vitawi vya mti uliokauka.

"Vidonda vya virusi hivi," akasema. "Ni virusi vya mafua ya paka, binadamu haviwapati. Huenda aliambukizwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Vikishaingia havitoki, vinajificha kwenye mishipa ya fahamu. Na matone hayo, mama, yanatuliza uvimbe lakini yanavipa virusi nguvu. Acha kabisa."

Otilia akainamisha kichwa. "Sasa mbona viamke leo, miaka yote hiyo?"

"Paka akikosa utulivu, virusi huamka. Kuna kilichobadilika nyumbani?"

"Tumefiwa," Griselda akasema.

"Na tunagombana," Otilia akaongeza. "Tena tunagombana haswa."

Tangu siku hiyo wakawa wanatoka kugombania nje, kwenye ngazi za mtaa, wamejifunika mablanketi, ili paka asisikie. Tuliwacheka sana. Lakini baridi ya pale haikuruhusu maneno marefu, na jioni moja nilimsikia Otilia akisema kwa sauti ya chini:

"Siwezi kulala chumba kilichopakana na cha mama, Griselda. Bado namsikia akikohoa."

"Dada! Kumbe ni hilo? Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

Wakabadilishana vyumba. Suala la kuuza nyumba halijaisha, ila siku hizi linazungumzwa, halipigiwi kelele. Jicho lilikuwa limeshapona, limebaki na kovu jeupe. Fujo za kuhamisha vitanda zilipoviamsha virusi tena, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Griselda alimviringishia paka taulo, akambembeleza, na Otilia akamtia dawa aliyoandika daktari.